Mkunga na Bunduki ya Shomoro

Jirani yangu mkunga hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Ikifika sikukuu alimleta kuku wake amefungwa miguu, akamkabidhi mume wangu mlangoni, kisha akaingia chumbani kwangu akaziba masikio kwa viganja mpaka nimwambie, "Bibi, tayari." Mume wangu alikuwa akicheka. "Mwanamke anayelala na bunduki ukutani anaogopa damu ya kuku!" Yeye alijibu kwamba damu ya uzazi anajua inaanzia wapi na inaishia wapi, hiyo nyingine hajui.

Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka saba, mjini Bagamoyo, upande wa nyumba za udongo. Nilipofika pale ni mwali mpya, sijui hata kuwasha kuni mbichi. Yeye alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na mdomo mwekundu wa tambuu. Mji mzima ulimwita Bibi Mkunga, na mimi nilimwita Bibi.

Wanangu wawili aliwapokea yeye. Mtoto akitoka, kabla hajamtazama mama yake, Bibi alimsalimu kwanza mtoto: "Umefika? Karibu. Pole kwa safari." Ndipo amgeukie mama. Akishukuriwa alikasirika. "Nimefanya nini mimi? Kazi umefanya wewe, mimi nilishika taa." Lakini kama mbuzi wangu amekula mchicha wake, mwanamke huyohuyo alisimama kwenye ua wa makuti akanisema mpaka watu wa mtaa wa pili wakasikia. Jioni alileta sahani ya maandazi, bila kutaja mchicha wala mbuzi.

Alikuwa na binti wa kulea, Mwanaidi. Mama yake Mwanaidi alimfia Bibi mikononi wakati wa kujifungua, na baba hakuonekana, basi Bibi alimfunga mtoto kwenye kanga, kitovu hakijakauka, akaenda naye nyumbani. Hakumwambia mtu kwamba amefanya wema. Alisema, "Mwenye mzigo hakuwepo, nikauchukua."

Kwa ajili ya Mwanaidi ndiyo akawa na bunduki.

Siku zile watu waliibwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imekatazwa baharini, lakini nchi kavu wezi wa watu walizidi. Mtoto alitumwa kisimani asirudi. Baadaye ungesikia ameonekana njia ya Saadani, kamba shingoni, anapelekwa kaskazini. Wanawake wasio na wanaume nyumbani ndio walioandamwa zaidi, na nyumba ya Bibi haikuwa na mwanamume.

Alikuwapo Mhindi mwenye duka la nguo ambaye mkewe alishikwa na uchungu siku tatu, pacha wamekaa vibaya. Bibi aliwatoa wote watatu wazima, mama na watoto. Yule Mhindi alipomuuliza anataka zawadi gani, alitegemea ataomba doti za kanga. Bibi alimwonyesha kitu kilichotundikwa nyuma ya mizani. "Nataka ile."

Ilikuwa bunduki fupi, nyepesi, ambayo baharia mmoja wa Kizungu alikuwa akipigia ndege. Haikuwa kama magobori ya wanaume wetu, yanayotaka baruti, kitambaa, mtaimbo wa kushindilia na dua. Hii ilifunguliwa nyuma, ikatiwa risasi moja iliyokwisha kutengenezwa, nyembamba kuliko kalamu ya mwanzi, baruti imo ndani ya ganda lake la shaba. Nyundo iligonga ukingo wa lile ganda, basi. Haikupiga bega, na mlio wake ulikuwa kama mtu anayevunja ukuni mkavu.

Wanaume walimcheka. Wakaiita bunduki ya shomoro. Mume wangu alimwambia, "Bibi, mwizi ukimpiga kwa hiyo, atadhani ameumwa na siafu."

"Na ukiumwa na siafu husimami?" Bibi akamjibu. "Nipe gobori lako sasa hivi, na mvua hii, uone kama baruti itashika. Mimi sitaki kuua mtu. Nataka aondoke."

Alijifunza mwenyewe, akipiga vifuu vya nazi nyuma ya nyumba, upande wa mikoko ambako hapiti mtu. Nilikwenda naye mara mbili tatu. Risasi nyingine ziligoma. Nyundo ikagonga, kimya. Alisubiri akihesabu mpaka kumi, akaitoa, akaizungusha kidogo ili nyundo ipate mahali pengine, akajaribu tena. Alinipa na mimi nikapiga. Nilikosa, nikafurahi kwa kuwa bega halikuuma. Akanikazia macho. "Hiyo ndiyo hatari yake. Haikuumizi wewe. Kitu kisichokuumiza unakifanyia mchezo."

Alikuwa na masharti, na aliyataja kama mtu anayesoma sura. Bunduki hukaa juu ya kigingi, tupu. Risasi hukaa kwenye jaluba, kikasha chake cha tambuu cha zamani, mbali. Mwanaidi haigusi. Na la mwisho, ambalo alinirudishia kila tulipokwenda kule mikokoni: "Usipige sauti. Usipige kivuli. Piga unachokiona, tena umekijua."

Mara moja ilimfaa. Wanaume wawili walikuja mchana, mtaa umekwenda mazikoni, wakajifanya wanauliza maji ya kunywa. Mmoja alimshika Mwanaidi mkono pale barazani. Bibi alitoka ndani na bunduki, akapiga nguzo ya baraza, kiasi cha shubiri moja kutoka kichwa cha yule mtu, akatia risasi nyingine hata kabla hajageuka. Walikimbia. Nilirudi kutoka mazikoni nikamkuta ameketi, Mwanaidi mapajani ingawa alikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi. Tundu la nguzo lilikuwa dogo, lisingeweza kupitisha hata kidole changu cha mwisho. Tangu siku ile hakuna aliyeicheka bunduki mbele yake. Nyuma yake jina lilibaki lilelile.

Hayo niliyoeleza ndiyo watu wa Bagamoyo waliyomjua nayo, na kama yangeishia hapo nisingekuwa na uzito huu moyoni.

Masika iliyofuata walichukuliwa watoto wawili mtaani kwetu ndani ya mwezi mmoja. Mmoja alikuwa mtoto wa muuza samaki, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alichukuliwa ndani ya ua wa kwao mama yake akiwa chooni. Mimi ndiye niliyempelekea Bibi habari. Nilimsimulia yote, na zaidi ya yote, kwa maana nilikuwa na hofu, na hofu ukiigawa unadhani imepungua. Alinisikiliza huku anapeta mchele. Siku ya pili nilipoingia kwake niliona jaluba liko wazi karibu na mlango, na bunduki haiko juu ya kigingi, imeegemezwa ukutani.

"Bibi, ina risasi?"

"Ina."

"Na masharti?"

"Masharti yalikuwa ya siku za amani," akasema.

Ikawa alasiri moja, mvua inanyesha kama imefunguliwa mfereji. Juu ya paa la makuti huwezi kumsikia mtu aliye pembeni yako. Nilikuwa kibandani uani kwangu nalinda moto usizimike, nikaona juu ya ua wetu kichwa kinapita. Mwanamume, amejifunika gunia mpaka machoni, anazunguka kutoka mbele ya nyumba ya Bibi kwenda nyuma, mbiombio, anapapasa ua. Nikakiona kimo chake kinafika mlango wa uani wa Bibi, mkono wake unausukuma.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. "Bibi! Bibi! Kuna mtu uani!"

Nikasikia ukuni ukivunjika.

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na risasi iliupita. Nilipofika, mlango uko wazi, Bibi amesimama kizingitini na bunduki mkononi, na yule mtu ameketi matopeni, gunia limemwanguka. Tulimjua mara moja. Alikuwa mpika chumvi wa Nunge, kijana mpole, mkewe alikuwa na mimba yake ya kwanza na Bibi alikwenda kumwangalia kila wiki.

"Nilipiga hodi mbele," alisema. "Nilipiga hodi sana, mama. Mvua. Mke wangu ameanza, maji yamekwisha kumwagika."

Bibi alipiga magoti akamfunua nguo. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa na kitundu, na damu kidogo, kidogo mno. Mvua iliiosha hata kabla haijatiririka. Yeye mwenyewe alijitazama, akacheka. Nakiapia kicheko kile, nilikisikia. "Kumbe ni kweli. Bunduki ya shomoro." Akasimama. "Twende, mama. Mimi si kitu. Yuko peke yake."

Bibi alimfunga tumbo kwa kanga yake. Mikono yake iliyofunga vitovu vya mji mzima ilishindwa kufunga fundo, nilimfungia mimi. Wakaenda, na mimi nyuma yao, mpaka Nunge, mwendo wa kutosha kwa mtu mzima asiye na jeraha. Hakutaka kushikwa. Njiani alimwomba Bibi asimwambie mkewe kabla hajajifungua, na Bibi hakumwambia.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, msichana. Bibi alimsalimu kama alivyowasalimu wote, ila sauti haikutoka, niliona midomo tu. Akampeleka kwa baba yake, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa nje, na baba akamwadhinia sikioni tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuruka neno. Wakampa jina Riziki.

Siku tatu watu walisema amepona. Siku ya nne alianza kupata homa. Tumbo likawa gumu, limewambwa kama ngoma, na asiweze kuguswa hata kwa shuka. Alikuja mganga wa Kaole, akaja na mwingine. Walitazama lile tundu lililokwisha kuziba, wakatazamana. Risasi ilikuwa ndogo lakini ilikuwa bado imo, na huko ndani ilikuwa imepita isikopaswa kupita. Bibi alihamia pale. Alimkanda, alimlisha uji, alimbadilisha nguo kama mtoto. Na chumba cha pili alimkanda mke wake mzazi kwa maji ya moto, maana arobaini ilikuwa bado mbali. Alikwenda chumba hiki na chumba kile, siku kumi na moja.

Kabla ya kufa yule kijana aliwaita wazee wa mtaa. Akasema, "Mkono wake umekosea. Simdai kitu, na nyumba yangu isimdai." Siku ya kumi na moja, saa nne ya asubuhi, akafa.

Kadhi alimsikiliza Bibi, akamwambia kwamba aliyeua kwa kukosea hufunga miezi miwili mfululizo. Alifunga. Ilipokwisha akaanza tena, miezi miwili mingine, ambayo hakuambiwa na mtu. Alikonda mpaka bangili zikamtoka mkononi. Nilikwenda kwake nikamwambia, "Bibi, aliyepiga kelele ni mimi. Nami nina sehemu yangu."

Alinitazama kwa ukali kama siku za mbuzi. "Sauti ilikuwa yako. Kidole kilikuwa changu. Usinipunguzie mzigo, nitashindwa kuubeba nusunusu."

Basi nikaenda kwa yule mjane, alikuwa edani, mtoto kifuani, nikamwambia na yeye. Nilitaka mtu mmoja anilaumu. Yeye akasema, "Ulisema kuna mtu. Ni kweli. Alikuwa mtu." Hakusema tena na mimi neno lolote. Eda ilipokwisha, kaka yake alikuja kutoka Kerege akamchukua yeye na mtoto.

Wengi walidhani Bibi ataitupa bunduki baharini. Hakuitupa. Jambo hili liliwachukiza watu kuliko hata kifo chenyewe. Wako waliosema hana moyo. Aliirudisha juu ya kigingi, tupu, na risasi kwenye jaluba, mbali. Nilipomuuliza aliniambia, "Wezi hawakufa siku ile. Aliyekufa ni mpika chumvi. Mwanaidi bado yuko." Lakini mlango wa uani aliung'oa, akaweka wa fito zilizoachana, ambao mtu wa nje unamwona uso. Na hakuacha ukunga. Akiitwa alikwenda, ila wengine hawakumwita tena, na alipita mbele ya nyumba zao akiwaamkia vilevile.

Mwanaidi alipoolewa Pangani, Bibi alimsindikiza, akarudi peke yake, na kesho yake akaiteremsha bunduki. Risasi alizitia chooni. Chuma alimpelekea mhunzi, akamwambia, "Kifue kiwe unachotaka, bora usiniambie." Mwezi ule ule alifunga mizigo yake miwili. Alipokuja kuniaga nilimuuliza anakwenda kwa nani.

"Kuna maji ya kuchota," akasema.

Miaka mitatu sikumwona. Ikaja vita na Wadachi, hao Wajerumani. Manowari zilipiga mji, nyumba zikaungua, na waliokuwa na miguu walitoka. Mume wangu alibaki na wanaume wenziwe; mimi nilichukua wanangu wawili na mkwe wangu mzee tukashika njia ya kusini. Tulipofika Kerege, mkwe wangu hakuweza hatua moja zaidi. Nikaomba hifadhi kwenye kibanda cha kwanza nilichokiona mbele yangu, na aliyetoka alikuwa Bibi.

Alikuwa amezeeka kuliko miaka ile mitatu. Jicho moja lilikuwa na ukungu. "Shikamoo Bibi," nikasema, na sauti alikuwa ameijua kabla ya uso. "Marahaba, mwanangu. Hawa ndio wale? Wamekuwa." Akawashika wanangu vichwa, mmoja mmoja.

Ndani alikuwamo msichana wa miaka saba, anachambua mchele. Sikuuliza. Nyusi zilikuwa za baba yake.

Jioni, watoto wote wako nje, alinieleza. Alihamia Kerege, akapanga karibu na yule mjane. Kila asubuhi alimwekea mtungi wa maji mlangoni, akamwamkia. Mwaka mzima hakuitikiwa. Mwaka wa pili mtungi ulikuwa ukirudishwa umeoshwa. Kisha ikaja ndui. Mjane, alipoona haponi, alimwambia kaka yake, "Mpelekeni Riziki kwa yule mwanamke." Kaka alitaka kukataa, na mjane akasema tena, "Kwa yule."

"Alikusamehe," nikamwambia.

"Hakusema. Sikumuuliza. Usimsemee maiti." Alitafuna tambuu kidogo. "Mtoto hajui. Kijiji kimeambiwa kinyamaze. Kila siku nasema kesho."

Tulikaa pale siku mbili. Asubuhi ya siku ya kuondoka, Riziki alikuja na ungo wake wa mchele akaniketia mbele. Alikuwa amesikia tunatoka wapi. "Shikamoo. Ati ninyi ni wa Bagamoyo? Ulimjua baba yangu? Alikuwa akipika chumvi."

Nilitazama chini. Bibi alikuwa kizingitini, anafunga kanga kichwani. Niliona amesimamisha mikono. Nilikuwa tayari kusema uongo wowote ambao angeniomba kwa jicho lake zima, lakini hakuniomba. Alikuja akaketi chini, sawa na mtoto.

"Mimi nilimjua," akasema. "Niulize mimi."

Akamwambia. Hakupamba na hakujitetea. Alisema kulikuwa na mvua, alisema alikuwa na bunduki, alisema hakuangalia kwanza. Alimwambia kwamba baba yake alitembea na jeraha ili yeye azaliwe mikononi mwa mtu, na kwamba alimwadhinia mwenyewe. Mimi hakunitaja hata kwa ishara. Alipomaliza nikasema, "Na mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwona, nikadhani ni mwizi." Mtoto alitutazama, huyu, na huyu.

"Iliuma?"

"Iliuma," Bibi akasema. "Siku kumi na moja."

Riziki aliinuka, akaweka ungo chini vizuri, mchele usimwagike, akatoka. Alikwenda akaketi kwenye gogo upande wa pili wa njia, ametupa mgongo. Niliinuka nimfuate, Bibi akanishika nguo.

"Mwache. Ana haki ya kunichukia kwanza."

Tukafunga mizigo. Mkwe wangu alikuwa amepata nguvu kidogo. Bibi hakutusindikiza, alisema maji ya nyumba yamekwisha, akachukua mtungi akaelekea kisimani, taratibu, mguu unapapasa njia. Kisima kilikuwa wazi, tukakiona kutoka pale tulipokuwa tukijipanga. Alichota, akajaza, akapiga magoti kujitwika. Mtungi uliojaa hujitwiki peke yako ukiwa na umri ule. Aliuinua mpaka kifuani, ukamshinda, akautua. Akainua tena. Hakumwita mtu.

Nilikuwa nimekwisha kumpa mwanangu mkubwa mzigo wangu wa kichwani ili nikimbie. Riziki alinitangulia. Aliondoka kwenye gogo lake, akavuka njia, hatazami kulia wala kushoto. Akashika upande mmoja wa mtungi, Bibi akashika wa pili. Akamtwika. Akaushikilia mpaka mwanamke yule mzee alipoweza kusimama, kisha akarudi akaketi palepale kwenye gogo, ametupa mgongo kama mwanzo.